Ndege ya Shirika Iliruka

Siku moja kabla ya kumzika Baba nilikwenda kusukwa nywele katika saluni moja hapa Lanet, karibu na steji ya matatu. Msichana aliyeketi kiti cha pili alikuwa anapakwa rangi ya kucha. Harufu ile kali, yenye utamu kidogo, ilinifikia nikiwa nimeinamisha kichwa, na machozi yakaanza kunitoka. Msusi akadhani amenivuta nywele, akaniomba pole. Sikumwambia kwamba kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya ndege.

Ndege za zamani, zile za mbao zilizovishwa kitambaa, hupakwa dawa ya kukaza kitambaa hicho mpaka kikiguswa kinalia kama ngoma. Dawa hiyo inanuka rangi ya kucha tupu. Baba alinuka hivyo muda mrefu wa utoto wangu. Akina mama wa kanisani walikuwa wakimtazama Mama kwa jicho la pembeni, wakijiuliza mume wake anatoka wapi kila jioni na harufu ya wanawake wa mjini, na Mama, ambaye hakuwahi kumweleza mtu kitu asichoulizwa, aliwaacha wajiulize.

“Mathe,” msusi akasema, vidole vyake vikiendelea na kazi, “huyo mzee mnazika kesho, si ndiye ule wa ndege ilikataa kuruka?”

“Ndege? Hapa Lanet?” msichana wa kucha akacheka.

“Eeh, shosho yangu alikuwa anatuambia. Ati ikijaribu kuinuka ilianza kumwaga vyuma, wakaikatakata.”

“Iliruka,” nikasema.

“Pole, mimi nasema tu vile tulisikia.”

“Basi leo umesikia vingine. Iliruka.”

Nimenyamaza miaka mingi kwa sababu nilikatazwa kusema. Aliyenikataza alikuwa amelala mochari siku ile, na yule ambaye tulimfichia alitangulia zamani. Sasa sina wa kumficha, na wala sina hamu ya kuficha. Waliokuwepo wakumbuke vizuri, na wasiokuwepo waache kunisimulia.

Tulikuwa tunaishi kwenye shamba lililokuwa la mzungu, nje kidogo ya Lanet, ambalo wazazi wetu walilinunua kwa hisa kupitia shirika. Shamba lilikuja na kila kitu kilichokuwa juu yake: josho la ng'ombe, trekta bovu, mikebe ya maziwa, na nyuma kabisa ya ghala, chini ya nyasi kavu na mavi ya popo, ndege. Mzungu mwenyewe aliondoka kwenda kwao, hakurudi, na ndege ikawa ya shirika. Kila mwanahisa alikuwa na haki yake humo. Jirani yetu alikuwa akijigamba kwa wageni kwamba mkia ni wake.

Watu wengi walitaka mbao zake wajengee nyumba ya kuku, na injini ziende kwenye kinu cha kusaga unga. Ni Baba peke yake aliyekataa. Kabla ya kununua hisa alikuwa amefanya kazi ya ufundi wa ndege miaka mingi, na alipoitazama ile aliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Aliomba kamati impe muda. Akaianza baada ya kukamua ng'ombe, na Jumapili baada ya kanisa, na mimi nikawa nashinda huko ghalani nikiwa nimeketi kwenye kiti cha rubani, nikishika usukani kwa mikono miwili na kuwapeleka wanasesere wangu Mombasa.

Ilikuwa ndege ndogo ya matembezi, ya viti vinne. Baba aliniambia zilitengenezwa ili mtu na mkewe wapande asubuhi, wapepee juu ya nchi bila haraka, wateremke mahali pazuri wanywe chai. Haikuwa ya mizigo wala ya vita. Mabawa yalikuwa mapana, pua yake fupi, na kila bawa lilibeba injini moja ndogo yenye propela ya mbao. Nilizipenda propela hizo kupita kiasi. Nilizifuta kila siku kwa kitambaa cha zamani cha Shosho, nyanya yangu.

Jambo moja lilinisumbua. Lori la shirika lilikuwa na gurudumu la akiba chini ya tumbo, na kwa hesabu yangu injini ya pili ya ndege nayo ilikuwa ya akiba. Nikamuuliza Baba kwa nini anahangaika kuziwasha zote mbili wakati moja ingeweza kupumzika.

Alicheka mpaka akaweka spana chini. “Huko pwani, hewa ni nzito,” akasema. “Moja ikizima, ile ingine inaweza kukurudisha nyumbani. Hapa kwetu tuko juu, hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Injini ni za zamani, zinapumua kama mimi. Hapa moja ikizima, ile ingine inakusindikiza tu. Na unajua msindikizaji hafiki na wewe.”

Kutoka siku hiyo nilianza kuitafuta hewa nzito. Asubuhi na mapema, nikienda kuchota maji, nilikuwa nikitembea nimenyoosha mikono pembeni ili inishike. Saa sita mchana nilikunja mikono na kutembea kwa uangalifu, nisije nikaanguka.

Rubani alipatikana. Alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyejenga karibu na kambi ya jeshi, mtu mwembamba wa maneno machache ambaye sote tulimwita Kapteni. Yeye na Baba waliijaribu ndege kwa kukimbia nayo uwanjani bila kuruka, asubuhi baada ya asubuhi, ng'ombe wakiwa wamefukuzwa pembeni. Kisha wakaanza kuiinua kidogo na kuishusha. Kisha kamati ikatoa neno lake. Mwenyekiti wa shirika mwenyewe angepanda, azungushwe juu ya mashamba yetu mbele ya wanahisa wote, ashushwe salama. Akiridhika, ndege ibaki na itafutiwe kazi. Asiporidhika, shoka. Baba alikubali bila kupumua mara mbili.

Mwenyekiti alikuwa mtu mkubwa kwa cheo na kwa mwili. Siku chache kabla ya safari Baba alimwomba apande kwenye mizani ya viazi, ile ya bamba la chuma tuliyotumia kupimia magunia. Alipanda akiwa amekunja uso. Kapteni naye akapanda. Baba akapima petroli, akapima hata makoti yao. Kisha akatueleza nyumbani, akichora na kijiti kwenye majivu ya jikoni: kwa injini zile na mahali petu palivyo juu, ndege ingewainua watu wawili vizuri, ila waondoke alfajiri, hewa ikiwa bado baridi. Wa tatu asithubutu. Shosho, mama yake Baba, ambaye tuliishi naye, alikuwa anasikiliza huku akimenya viazi. Aliuliza swali moja tu.

“Na huyo mwenyekiti, atapitia hapa kwangu?”

“Atapitia, Mama. Lakini hatakaa.”

“Hatakaa,” Shosho akarudia, na nilijua kutoka kwa sauti yake kwamba atakaa.

Alfajiri ya siku yenyewe watu walikuwa wamejaa kando ya uwanja. Umande ulikuwa bado juu ya nyasi, mlima Menengai umejifunika ukungu, na Baba amesimama kando ya ndege yake akinuka vile alivyonuka siku zote. Mwenyekiti hakuwepo. Jua likatoka, akawa hayupo. Alikuja watu wamekwisha kuvua masweta, na akaja na mchungaji, kwa sababu jambo kubwa kama hilo haliwezi kuanza bila maombi, na haliwezi kuanza mgeni hajala. Shosho alikuwa amepika kuanzia usiku. Chai ikatoka, chapati zikatoka, mukimo ukatoka, mchuzi wa kuku ukatoka. Baba alizunguka zunguka kama mtu aliyebanwa. Alijaribu kusema mara moja.

“Mwenyekiti, jua.”

“Fundi, jua litaenda wapi?” Mwenyekiti akajibu akiwa na paja la kuku mkononi, na watu wakacheka.

Kisha hotuba. Kisha mchungaji akatuomba tufumbe macho, akaiombea ndege, akaombea shirika, akaombea mvua, akaombea serikali. Nilifumba macho kweli kweli. Nilikuwa naamini nikichungulia nitaiangusha.

Tulipofumbua, jua lilikuwa utosini. Kapteni alimtazama Baba, na Baba akatazama watu. Kama angesema twende kesho, wangesema ameogopa. Akatikisa kichwa kukubali. Injini ya kushoto ikakohoa ikashika, ya kulia ikakohoa ikashika, na vumbi likatupiga usoni.

Ndege ilikimbia. Ilikimbia muda mrefu kuliko nilivyowahi kuiona ikikimbia, ikapita pale ambapo siku nyingine ilikuwa tayari imeinuka, ikaendelea, na mkono wa Baba ukaanza kuubana wangu. Ua wa waya ulikuwa mwisho wa uwanja. Iliinuka karibu kabisa na ua, ikapita juu yake kwa nafasi ndogo ambayo hakuna aliyeipenda, ikaingia upande wa pili kwenye pori la vichaka vya leleshwa. Huko haikupanda. Ilikwenda hivyo hivyo, chini chini, ikiyumba katika joto lile la kutetemeka, na tulidhani tutasikia kishindo.

Hapo ndipo vitu vilipoanza kudondoka. Vidogo vidogo kwanza, kisha vikubwa, vya mviringo, kimoja baada ya kingine, kutoka ubavuni mwa ndege.

“Inavunjika!” mtu akapiga kelele. “Inamwaga vyuma!”

Wanawake wakaanza kulia. Nami nililia. Niliona kwa macho yangu ndege ya Baba ikitoka vipande, na niliamini, kwa sababu macho yangu hayakuwahi kunidanganya. Midomo ya Baba ilikuwa inasema kitu ambacho sikukisikia.

Kisha ikapanda. Polepole, kama mzee anayeinuka kitini, lakini ikapanda. Ilipita juu ya leleshwa, ikageuka, ikaja juu ya mashamba yetu na kivuli chake kikapita kwenye paa la nyumba yetu, na ngurumo ya injini zote mbili ikaingia kifuani mwangu. Nilisahau vyuma. Niliruka ruka nikipiga makofi peke yangu. Ikazunguka mpaka upande wa ziwa, ikarudi, ikakaa chini kwenye nyasi taratibu.

Mwenyekiti alishuka jasho likimtiririka, koti lake limefungwa vifungo vyote hadi shingoni katika jua lile, mikono imekumbatia tumbo. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari lake akaondoka, na watu wakasema masikini, hofu imemshika tumbo. Kapteni alimsogelea Baba akamnong'oneza kitu sikioni. Baba akaenda nyuma ya viti, akainama, akakaa huko kwa muda. Alipotoka alikuwa ameweka kitu mfukoni.

Jumamosi iliyofuata shirika likakutana. Mwenyekiti alisema maneno machache tu, akitazama meza: “Ndege imechoka. Wote mliona.” Watu wakasema ndiyo, tuliona vyuma. Hakuna hata mmoja aliyevuka ua kwenda kuvitafuta vyuma hivyo, maana upande ule ulikuwa shamba la mtu binafsi, lenye nyati na askari. Baba akaulizwa kama ana la kusema. Nilikuwa nimeketi kwenye majani mbele yake, nikisubiri. Baba yangu alikuwa mbishi ajabu. Angeweza kubishana na daktari wa ng'ombe kuhusu ng'ombe na mchungaji kuhusu Biblia. Shosho alikuwa ameketi mstari wa mbele, kitambaa cha kanisa kichwani, akitabasamu kwa fahari.

“Sina la kuongeza,” Baba akasema.

Nilimchukia siku hiyo. Niliona ameshindwa na amekubali kushindwa. Wakaikata ndege kwa shoka na msumeno, kitambaa kikichanika kwa sauti ambayo bado naisikia, na harufu ya rangi ya kucha ikakaa shambani siku nyingi. Nyumba ya kuku ikajengwa. Hata kuku wa kuingia humo sikuwaonea huruma, na nilipogundua kwamba jogoo mwekundu wa Shosho hawiki tena asubuhi, niliona sawa tu, wageni wamemla.

Shuleni waliniita Mtoto wa Vyuma. Nilipigana na wavulana na wasichana, wakubwa kwa wadogo, na nikirudi na nguo imeraruka Mama alishona bila kuuliza. Baba naye walimtania sokoni. “Fundi, ndege iko wapi?” Alikuwa na jibu moja tu, la upole, na alilitoa maisha yake yote bila kulibadilisha wala kulieleza.

“Iliruka.”

Mvua ndefu ikaja. Askari wa shamba lile la ng'ambo alituruhusu wasichana kuvuka ua kuokota kuni, na siku moja nikawaacha wenzangu nikaingia ndani ya leleshwa nikitafuta vipande vya ndege yetu. Nilitaka hata skrubu moja. Sikupata chuma. Nilikuta viazi. Mashina ya viazi yenye maua, yametapakaa porini bila mstari, mahali ambapo hakuna binadamu amewahi kuweka jembe. Niling'oa shina moja. Viazi vilikuwa vyekundu, vya ile mbegu aliyokuja nayo Shosho kutoka Molo, ambayo hakuna mwingine pale kwetu aliyekuwa nayo.

Nilimpelekea Baba zizini nikiwa nimevificha kwenye sketi. Alivigeuza kimoja kimoja mkononi.

“Umemwambia nani?”

“Hakuna.”

Ndipo akaniambia. Wakati wa maombi, sote tukiwa tumefumba macho, Shosho hakufumba. Aliingiza nusu gunia la viazi nyuma ya viti, na kabichi, na mkungu wa ndizi. Alikuwa amesikia kila neno kuhusu mizani. Lakini kwa Shosho uzito ulikuwa wa watu na magunia ya kuuza. Zawadi ya mgeni haikuwa mzigo. Mgeni hakuwahi kutoka kwake mikono mitupu, na hakuwa anaenda kuanza na mwenyekiti. Mle ndegeni, Kapteni alipoona haipandi, alimwambia Mwenyekiti ageuke atupe chochote kilichopo, na Mwenyekiti akatupa kupitia dirisha dogo. Kilichobaki ni kiazi kimoja kilichojificha chini ya kiti. Ndicho Baba alichokitia mfukoni.

“Mbona hukusema?” Nilikuwa nalia kwa hasira. “Wote wanakucheka!”

“Niseme mbele ya shirika lote, mama yangu ameketi pale, kwamba yeye ndiye karibu amuue mwenyekiti kwa viazi?”

“Basi si yeye mwenyekiti angesema!”

“Naye aseme nini? Ati mama mzee alimpa zawadi, akazitupa porini?” Akanifuta uso kwa mkono wake wenye maziwa. “Shosho asisikie. Hata siku moja. Umenielewa?”

Nilimwelewa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alitabasamu, akainama karibu nami kama mtoto mwenye siri.

“Lakini fikiria. Saa sita mchana, jua lile. Na mtu wa tatu mzima wa viazi na kabichi nyuma. Na bado ilivuka ua.” Akatikisa kichwa. “Hesabu yangu ilisema haiwezi.”

Shosho aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila jina la Mwenyekiti lilipotajwa, alikuwa akisema, “Yule? Yule alitoka kwangu na mikono mizito,” na Baba aliinamisha uso kwenye kikombe cha chai. Alikufa na fahari hiyo, haijaguswa. Hilo nalo lilikuwa kazi ya fundi.

Mwenyekiti bado yupo. Kwenye mazishi aliketi mstari wa mbele ndani ya hema, mzee kabisa, fimbo katikati ya magoti. Mjukuu wake ndiye aliyesoma salamu za shirika. Akamsifu Baba kwa bidii, akasema alikuwa mtu wa ndoto kubwa, “hata kama ile ndege yake ilikataa,” na hema likacheka kile kicheko cha mazishi, cha adabu. Nikaomba maikrofoni. Mshereheshaji akaninong'oneza muda umeisha. Nikamwambia wangu ndio unaanza.

Sikutoa hotuba. Niliwaambia kuhusu hewa nyepesi na jua la saa sita. Niliwaambia kuhusu maombi marefu na mwanamke mmoja mkarimu ambaye hakufumba macho. Niliwaambia kilichodondoka hakikuwa chuma, na kwamba nilichimba vyuma hivyo kwa mkono wangu, vyekundu, mbegu ya Molo. “Ndege ya baba yangu ilibeba nusu gunia la viazi,” nikasema, “na kabichi, na mkungu wa ndizi, na watu wawili wazima, mmoja wao mkubwa sana. Atakayebisha abishe sasa hivi, mwenyewe akiwa bado yuko juu ya ardhi.”

Mwenyekiti akaanza kuinuka. Ilimchukua muda, mjukuu akitaka kumshika, yeye akimsukuma. Nilijiandaa. Kama angekana, ningebishana naye pale pale, mbele ya jeneza, heshima baadaye.

“Na jogoo,” akasema.

Hakuna aliyeelewa.

“Umemsahau jogoo. Mwekundu, amefungwa miguu kikapuni.” Sauti yake ilikuwa imechakaa lakini ilifika. “Hivyo vingine nilitupa. Yeye nilimshika, akanitazama, nikashindwa. Nilishuka naye ndani ya koti, ananidonoa hapa.” Akajigusa kifuani. “Kuku wangu wote wanatoka kwake. Ningemwambia nani?”

Watu wengine walianza kucheka, kisha wakaacha, kwa sababu mzee alikuwa analia. Akageuka, akaegemea fimbo, akalitazama jeneza.

“Fundi,” akasema, “iliruka.”